Wasomaji Wauliza: Peke Yako Katika Nyika Kavu ya Australia

Julai hii nataka kupita Oodnadatta Track peke yangu, kutoka Marree hadi Marla, nikilala kwenye hema. Gari ni 4x4 la dizeli, tangi lita 80. Nibebe mafuta na maji kiasi gani? (Msomaji, Adelaide)

Julai ni mwezi mzuri. Joto la mchana linavumilika, ila usiku baridi inaweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo usiende na blanketi moja.

Njia nzima ni kama kilomita 620 za udongo na changarawe, na mafuta yanapatikana Marree, William Creek, Oodnadatta na Marla, kila kituo kikiwa takribani kilomita 200 kutoka kingine. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litamaliza lita 75 hivi. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya tope, mchanga na uwezekano wa kugeuza njiani. Tangi likijaa na dumu moja la lita 20, unatosheka.

Kwenye maji usibane. Weka lita 10 kwa siku, kisha ongeza siku tatu ambazo huzitarajii: safari ya siku nne inataka lita 70. Zigawe katika madumu manne au matano. Barabara ina matuta madogo yaliyopangana kama bati, na mtikisiko wake husugua dumu kwenye kichwa cha bolti hadi litoboke. Tandika gunia chini, funga kamba kwa kukaza, kisha kagua kila unaposimama. Mvua ikinyesha, hata ndogo, udongo ule huwa utelezi na njia hufungwa. Ukiingia njia iliyofungwa unatozwa faini kubwa, basi uliza hali ya mbele katika kila kituo cha mafuta.

Kila nikipita changarawe, tairi linachanika ubavuni. Fundi anasema nipunguze upepo. Mimi naona angesema niongeze. (Msomaji, Perth)

Fundi wako yuko sahihi. Tairi gumu likikanyaga jiwe lenye ncha haliwezi kubonyea, hivyo jiwe hulitoboa. Likiwa laini kidogo hulifunika jiwe na kupita. Lakini tairi laini likikimbizwa hupata joto, na joto ndilo linalopasua ubavu. Ndiyo maana ukishusha upepo lazima ushushe na mwendo.

Kama kwenye lami unatumia PSI 38 (kipimo cha upepo wa tairi), kwenye changarawe shuka hadi 28 na usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwenye mchanga laini shuka hadi 18, mwendo usizidi 40, na usikate kona kwa ghafla kwa sababu tairi linaweza kuvuka rimu. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Baada ya saa moja ya safari pima tena: ikiwa upepo umepanda zaidi ya PSI 6, basi ulishusha mno au unakimbia mno.

Beba spea mbili, geji, kompresa inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, na kipande cha ubao mnene cha sentimita 40 kwa 40 cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki itazama badala ya gari kupanda. Vizibo vya kuziba pancha vinafaa kwenye uso wa tairi tu. Ubavu uliochanika haushiki kizibo.

Natoka Nairobi, nitakodi gari Alice Springs. Nikikwama peke yangu, nitembee kutafuta msaada? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, tafadhali. Gari lina kivuli na lina maji yako, na rubani huliona upesi kuliko anavyomwona mtu kichakani. Tunalisisitiza hili kuliko yote, maana waliokufa huko baada ya kuliacha gari si mmoja wala wawili.

Gari likianza kuzama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Gurudumu likizunguka linachimba, na eksili ikishakalia mchanga huna nguvu ya kulitoa peke yako. Shuka na koleo, fukua nyuma ya kila gurudumu na chini ya difu (boksi la gia lililo kwenye eksili), shusha upepo hadi 15, weka mbao za kukwamulia, kisha rudi nyuma polepole ukifuata alama zako mwenyewe.

Ikishindikana, tumia kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, ambacho unaweza kukikodi. Inua antena, kiweke mahali wazi chini ya anga, usikizime hadi msaada ufike. Ishara hupita kwenye satelaiti hadi kituo cha uokoaji Canberra. Kifunge mkandani, maana gari likiungua kilichomo ndani kimekwenda nalo. Nje ya miji usitegemee simu.

Kabla ya kusaini mkataba tafuta sehemu inayohusu barabara za vumbi. Mikataba mingi inazikataza, na bima huondoka papo hapo. Simama saa kumi na moja jioni, kangaroo hawajaanza kuvuka. Utaendesha kushoto kama Kenya, lakini malori yenye matela kadhaa hufikia mita 53.5: usilipite kama huoni mbele zaidi ya kilomita moja iliyo tupu.

Hema nilipige wapi, na nyoka je? (Msomaji, Brisbane)

Usilale kwenye mkondo mkavu, kwani mafuriko huja na mvua iliyonyesha mbali. Usilale chini ya mikaratusi mikubwa ya kingoni pia: hudondosha matawi hata pasipo upepo. Kaa mbali na mahali ng'ombe wanapokunywa maji.

Ukiumwa na nyoka, usioshe jeraha, kwa sababu sumu iliyobaki kwenye ngozi huwasaidia madaktari kuitambua. Washa kwanza kile kifaa cha dharura cha 406 MHz. Funga bandeji pana ya kuvutika juu ya jeraha, kisha nyingine kuanzia vidoleni kwenda juu hadi mguu wote ufunikwe, kwa kukaza kama mguu ulioteguka. Weka alama ya kalamu palipoumwa, ufunge mguu kwenye kijiti, ulale tuli.