Hesabu ya CO2 kwenye chumba cha kuoteshea: kujaza ndo sehemu nyepesi

Nawaandikia nyie mnaoanza kulima saladi na basili ndani chini ya taa za LED hapa Nairobi, maana swali ni lile lile kila mara, "chumba changu kinataka CO2 kiasi gani?", yaani kaboni dioksidi, gesi ya mtungi tunayoongeza chumbani mimea ikue haraka, na anayeuliza kashapima urefu na upana basi. Hiyo tuimalize haraka.

Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo 2.5, ni mita za ujazo 30. Hewa ya nje ina CO2 ppm 420 hivi (ppm ni sehemu kwa kila milioni), tuseme 400, unataka 1,000, kwa hiyo unaongeza 600. Zidisha 30 kwa 600 gawa kwa milioni, unapata mita za ujazo 0.018, yaani lita 18. Regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza presha na kupanga kasi ya gesi, ikiwa lita 5 kwa dakika, dakika nne hazifiki. Kwenye uzito msichukue ile gramu 1.8 kwa lita mnayoiona kila mahali, hiyo ni ya usawa wa bahari, ukiwa Mombasa sawa, ila Nairobi tuko mita 1,700 hivi, hewa nyepesi, piga 1.5. Kwa hiyo kujaza ni gramu 27. Na kipima CO2 nacho kinapotoshwa na mwinuko, changu nilipokitoa nje kilisoma 350 nikadhani kibovu, kumbe kina sehemu ya kuweka mwinuko na sikuijaza.

Sasa gesi inamalizwa na kuvuja. Pima kabla miche haijaingia: jaza hadi 1,000, zima feni ya kutoa hewa, toka, funga, soma baada ya saa moja. Ikisoma 764 maana yake ile ziada ya 600 imebaki 364, chukua kalkuleta, gawa 600 kwa 364, kisha bonyeza ln (kitufe cha logi asilia), inakuja 0.5. Hiyo ni nusu ya ujazo wa chumba kila saa, kwa hiyo ukishikilia 1,000 unapoteza nusu ya zile lita 18, yaani lita 9 kwa saa, gramu 13.5.

Na nikisema toka, toka kweli. Mimi nilikaa mle ndani na daftari naandika kila dakika tano, namba ikaganda pale pale kwenye 1,000, nikajua chumba kimezibika vizuri, kumbe chini ya mlango pana mwanya unapitisha kidole. Mtu anayefanya kazi nyepesi anatoa kama lita 18 hadi 20 za CO2 kwa saa, kwa hiyo pumzi yangu ndo ilikuwa inafidia yote inayovuja. Mtungi ukaisha mapema na mwezi mzima nilikuwa namlaumu muuzaji bure.

Alafu ongeza mimea yenyewe. Majani yakishafunika meza na taa ina nguvu, weka gramu 1.5 kwa kila mita ya mraba kwa saa, meza za mita za mraba 8 ni gramu 12. Jumla 25.5 kwa saa, mara saa 12 za taa ni 306, ukijumlisha zile 27 za asubuhi ni 333 kwa siku. Mtungi wa kilo 25 unakwenda siku 75. Taa zikizimwa solenoidi, ile vali ya umeme ya gesi, ifunge, gizani mmea hauli CO2, unaitoa.

Msiangalie geji ya presha kujua kilichobaki, mle ndani CO2 ni kimiminika na geji itasimama pale pale hadi kimiminika kiishe ndo idondoke ghafla. Pimeni mtungi kwa mizani kila Jumatatu, mkiona kilo zinashuka haraka kuliko hesabu mjue kuna mahali panavuja, pakeni maji ya sabuni kwenye viungio.

Na kuna hesabu moja naomba muifanye kabla hamjanunua chochote. Kilo 25 kugawa kwa gramu 1.5 ni lita zaidi ya 16,000, mita za ujazo 16 na ushee, ndani ya chumba cha 30. Regyuleta ikiharibika usiku na mtungi wote ukamwagika mle ndani, anayefungua mlango asubuhi anaingia kwenye hewa inayoua, maana ppm 40,000 tu tayari ni hatari kwa uhai na hapo unaongelea mamia ya maelfu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, haina harufu. Mtungi ukae nje ya chumba, ufungwe kwa mnyororo ukutani, bomba tu liingie, kengele ya CO2 muifunge usawa wa goti na iwekwe ilie kwenye 5,000, na muwe na ya pili nje mlangoni ili mtu asome kabla hajashika kitasa.