Re: Mwanangu ana kinanda cha umeme tu, ataweza mashindano ya kinanda cha mabomba?

Anaweza kabisa, ndugu, mradi apewe muda wa kukizoea chombo cha mashindano. Vinanda vya mabomba, vile vikubwa vinavyotoa sauti kwa hewa ipitayo mabombani, havifanani: safu za vibao, uzito wa kuvibonyeza, mpangilio wa pedali, yaani vibao vya miguu. Tena mabomba yakiwa mbali, sauti humfikia mpigaji kwa kuchelewa. Hapo ndipo vijana wengi hujikwaa. Wanasubiri kusikia, mwendo unazorota. Afuate vidole vyake, si mwangwi.

Kuhusu vipande vya kupiga, Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, hakosekani mara nyingi. Zile sonata (vipande vya ala) zake 6 za sauti tatu, mkono wa kulia njia yake, wa kushoto yake, miguu yake, humwanika mpigaji wazi. Aanze na miguu peke yake, polepole. Na viatu vya soli nyembamba, tafadhali!