Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Kwa nini 13 inaitwa namba tasa na 12 siyo? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Igoma)

Marahaba. Chukua sato 12 uwapange mezani. Watakaa safu tatu za wanne wanne, au mbili za sita sita. Ongeza mmoja, ujaribu tena. Ukitaka safu zilingane, watakubali kulala safu moja ndefu tu. Namba tasa ina vigawo viwili: 1 na yenyewe. Ndiyo maana 1 haimo. Kigawo chake ni kimoja.

Mwanangu anasema ipo namba tasa ya tarakimu milioni 41. Nani aliigawa mpaka akamaliza? (Mama muuza dagaa, Kirumba)

Mwanao kasema kweli, mama. Ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, yaani 2 nyingi hivyo zikizidishwa pamoja, kisha unatoa 1. Luke Durant wa Marekani aliigundua Oktoba 2024. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa 3,000 kila ukurasa, upande mmoja, utamaliza zaidi ya rimu 27 za karatasi.

Wala hakuna aliyeigawa. Namba za umbo hili huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17, na zina kipimo chao. Tukipime kwa 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194. Igawe kwa 31, ushike baki tu, ambayo ni 8. Rudia: 62, baki 0. Hatua ni tatu, pungufu ya kipeo kwa mbili, na umefika kwenye sifuri. Basi 31 ni tasa. Ingebaki hata 1, isingekuwa tasa. Kompyuta kadhaa zilithibitisha ile kubwa kwa njia hiyohiyo, hatua zaidi ya milioni 136. Nimelifundisha hili mara nyingi na bado mwili hunisisimka: namba haijaguswa na kigawo chochote, nawe unajua kwa hakika kwamba haigawanyiki.

Jaribu na mwanao kwa 127. Kipeo ni 7, hatua tano.

Kwa hiyo kipeo kikiwa tasa, jibu nalo ni tasa? (Mvuvi, Nansio)

Hapana, kaka. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Mersenne mwenyewe alikosea kwenye kipeo cha 67, akidhani jibu lake ni tasa. Mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole alionyesha vigawo vya jibu hilo: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Zinatusaidia nini? (Wakala wa pesa za simu, Buhongwa)

Hiyo kubwa haina kazi sokoni. Zenye tarakimu mia kadhaa ndizo hutumika kulinda siri mtandaoni, kwa njia ya RSA ya mwaka 1977, kwa sababu kuzidisha tasa mbili ni rahisi na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Tafuta kwa kalamu tasa mbili zinazozaa 8,633. Ukichoka, zidisha 89 kwa 97.