Mgonjwa aelezwe sababu, na aambiwe ni hadi lini

Swali la wiki hii lilituuliza nini kifanyike ili ugomvi upungue katika wadi za wagonjwa wa akili. Najibu nikiwa mtu aliyewahi kulazwa katika hospitali ya umma hapa magharibi mwa Kenya. Ugomvi mwingi tulioushuhudia haukuletwa na maradhi peke yake, bali na kunyimwa jambo bila kuelezwa sababu, au kusubirishwa bila kuambiwa ni hadi lini.

Katika wadi yetu ya wanawake alikuwepo mama aliyeacha mtoto mchanga nyumbani, matiti yakimuuma kwa kujaa maziwa. Kila mara alikwenda kwenye geti la vyuma akauliza, "Sista, nyumbani wamepiga simu?" akajibiwa arudi kitandani. Alasiri moja alilitikisa geti akapiga mayowe. Askari wakaitwa, akashikwa mikono na miguu, akachomwa sindano, akalala hadi kesho yake. Usiku uliofuata muuguzi mwingine alimwambia, "Mama, nimepiga, simu ya mzee imezimwa. Nikimaliza kugawa dawa nitajaribu tena, na hata nikimkosa nitakuja kukuambia." Alimkosa, na akaja kumwambia. Yule mama alilia sana, lakini hakuligusa geti.

Sheria nazo zilibadilika kwa zamu. Muuguzi wa asubuhi aliruhusu simu, wa jioni akaikataza. Huyu alifungua mlango wa uani tukaota jua, yule akaufunga. Aliyeruhusiwa jana akikatazwa leo huona anaonewa, nami sishangai. Sheria hizo ziandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, wagonjwa washiriki kuzitunga, na ziwabane wafanyakazi pia.

Mambo haya yamekwisha kujaribiwa. Mpango wa Safewards, ulioandaliwa Uingereza na Profesa Len Bowers na wenzake, ulipimwa katika wadi 31 za hospitali 15 za London na maeneo jirani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na wadi zilizopewa mpango mwingine, matukio ya ugomvi yalipungua kwa asilimia 15, na hatua za kuwadhibiti wagonjwa, kama vile kuwashika au kuwatenga, kwa asilimia 26.4. Kati ya hatua zake 10 zimo kukubaliana juu ya mwenendo wa pande zote mbili, kumwandaa mgonjwa anapoletewa habari mbaya, na mkutano wa wagonjwa na wafanyakazi kusaidiana. Sioni hata moja inayohitaji mashine.

Najua wauguzi wetu ni wachache na wengine wameumizwa kazini, na wanaosema hakuna muda wa kueleza hawasemi uongo. Hata hivyo, kumkamata mtu mmoja anayepigana huwaondoa wafanyakazi kadhaa katika kazi zao, na wadi nzima hubaki na hofu hadi usiku.

Upo ugomvi mwingine ambao maneno ya upole hayautoshi. Daktari amekwisha kumruhusu mgonjwa, lakini bili haijalipwa, au jamaa hawajaja kumchukua. Mtu aliyepona akiendelea kufungiwa atapaza sauti, kisha kelele hizo huandikwa kwenye faili kuwa dalili ya ugonjwa kurudi. Hapo kaunti ndizo zenye wajibu, kwa kumtuma ofisa wa ustawi wa jamii atafute jamaa na kushughulikia bili mapema, kabla ya siku ya kuruhusiwa kufika.

Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Naomba haki hiyo ifike hadi kwenye geti lile: kila anaposhikwa mtu au kuchomwa sindano kwa nguvu, akishatulia aulizwe, na mfanyakazi ambaye hakuwa miongoni mwa waliomshika, alikuwa anaomba nini kabla ya vurugu kuanza, na jibu lake liandikwe katika faili hilo hilo kwa maneno yake mwenyewe.