Kabla mthamini hajapiga hodi

Nyumba ya marehemu baba ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, hapa Dar es Salaam, kwenye mtaa ambao halmashauri iliuhitaji kwa ajili ya soko jipya la samaki na barabara ya kando ya bahari. Habari tulizisikia kwenye mkutano wa mtaa, tukarudi nyumbani na kuendelea na shughuli zetu. Wathamini walipokuja kupuliza namba nyekundu ukutani, walimkuta mdogo wetu wa kidato cha pili peke yake. Kisima kilicho nyuma ya jiko hakikuandikwa. Minazi saba ikahesabiwa minne, naye akatia saini.

Ndugu yangu unayeishi kando ya bahari, ziwa au mto, siku ya kuishughulikia fidia yako ni hiyo ya ukaguzi wa wathamini. Awepo mtu mzima anayeijua mali yote, atembee na mthamini hatua kwa hatua, apige picha choo, kisima, ukuta na kila mti, na asisaini fomu kabla ya kuisoma. Kisha aombe nakala. Sisi tulitumia miezi mitano kufuatilia kisima kimoja.

Kilichotuumiza zaidi ni mirathi. Baba alifariki miaka tisa kabla, hati ikabaki na jina lake, kwa kuwa tulikuwa tunaelewana na hakuna aliyeona haja ya kwenda mahakamani. Jedwali la fidia lilipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu. Majirani walilipwa wakahama, sisi tukaanza kutafuta cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Mama alilia siku ile, na sitaki mama wa mtu mwingine apitie hayo. Kama nyumba yenu bado ina jina la marehemu, anzeni wiki hii.

Halmashauri huandaa mpango na kutafuta fedha, lakini kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ni ya Rais. Fidia nayo si bei ya nyumba tu. Kanuni za 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafirishaji wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ya miezi 36 ya kodi. Kiwanja kisichokaliwa hakipati posho ya usafiri wala ya makazi. Kagua kila kipengele kwenye jedwali lako, usiangalie jumla peke yake.

Kwa wafanyabiashara wa ufukweni ipo faida iliyopotea, nayo hukokotolewa kwa faida halisi ya mwezi mara 36, kwa ushahidi wa hesabu zilizokaguliwa. Mama alikaanga samaki pale miaka ishirini, akasomesha watoto watano, na hakuwa na daftari hata moja. Hakupata kitu kwa biashara ile. Wakaanga samaki, mafundi mashua, mama lishe: andikeni mauzo ya kila siku, tunzeni risiti za ushuru na leseni.

Jambo jingine la ufukweni ni mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka kwenye maji, kwa hiyo pima mapema ujue jengo lako limeangukia upande gani, na muulize ofisa ardhi kwa barua.

Malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita, yakichelewa yanadai riba. Uthamini usiolipwa kwa miaka 2 hupoteza uhalali na hurudiwa. Andika tarehe ya kuidhinishwa kwake mahali utakapoiona.

Mdogo wangu wa kike ndiye anayekaanga samaki sasa, huko tulikohamia. Daftari lake limeshafika ukurasa wa arobaini.