Alinikabidhi ufunguo wa stoo

Mhariri, juma hili mmetuuliza walimu: mwalimu mkuu wako alikuchochea vipi kuwa mbunifu wakati wa korona? Wangu alikubali kubeba lawama zangu.

Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa nikifunza Gredi ya 4 katika shule ya msingi ya umma, kaunti ya Kilifi. KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ilitayarisha vipindi vya masomo; KBC, shirika la utangazaji la Kenya, likavipeperusha redioni. Vilikuwa vizuri, ila mtoto akikwama redio haimngoji. Isitoshe, nyumba nyingi hazikuwa na redio, na simu ilikuwa kabambe ya baba, ile ndogo ya vitufe, anayeondoka nayo alfajiri kwenda baharini.

Nilimpigia mwalimu mkuu nikamwambia nataka kuacha karatasi za kazi dukani, wazazi wazichukue wakija kununua unga. Nilidhani ataniambia tungoje mwongozo kutoka juu. Akaniuliza, "Unahitaji rimu ngapi, mwalimu?" Kesho yake akanikabidhi ufunguo wa stoo, akasema ofisi ya elimu wakiuliza atajibu yeye. Wenye vyeo wasome hapo mara mbili: mwalimu anayeogopa barua ya kujieleza habuni kitu.

Jaribio la kwanza lilianguka. Karatasi zilirudi na mwandiko wa dada wakubwa. Hakunigombeza. Alisema, "Basi wape kazi ambayo dada hawezi kuwafanyia." Nikaachana na maswali ya kujaza mapengo. Nikawaambia wapime shamba kwa hatua zao wenyewe, wawaulize bibi zao majina ya samaki. Karatasi moja ilirudi na magamba yameganda pembeni, na majina 14: tafi, pono, kolekole, kibua... Mengine hata mimi, mzaliwa wa Pwani, sikuwahi kuyasikia.

Kila Ijumaa alitupigia mmoja mmoja kuuliza ni jambo gani limekataa, kisha akakuunganisha na mwenzako aliyelipatia njia. Walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, waliokosa malipo tangu shule kufungwa, hakuwadai ubunifu wowote kabla hajawatafutia chakula. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Gredi ya 4 walirejea Oktoba 12, 2020. Somo letu la kwanza lilikuwa kumsikiliza yule mtoto akitusomea samaki wake wote 14, barakoa usoni, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni akihesabu kwa vidole.