Kitambaa cha foronya, pazia na vishikio vya sufuria kwa anayeanza kushona

Dada yangu, umeuliza kama kitenge kinafaa kwa foronya, pazia na vishikio vya sufuria, na kama waweza kuanza bila cherehani. Kwa foronya kinafaa sana, ila kwa pazia inategemea dirisha limeelekea wapi, na kwa vishikio sharti kwanza ujue nyuzi zake ni za nini.

Mimi nashonea nyumbani hapa Ujiji, Kigoma, na vitenge vyangu nanunua sokoni Mwanga. Kitenge kipya huwa na wanga unaokifanya kionekane kizito kuliko kilivyo, kwa hiyo kifikiche kona kwa vidole kabla ya kulipa. Kikilegea na kuwa kama chandarua, kiache. Ukishakinunua, kiloweke, kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi, na foronya iliyokatwa kabla ya kufuliwa itaubana mto baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kwa mto wa sentimita 50 kwa 75, kata kipande chenye upana wa sentimita 53 na urefu wa 176. Kwa kuwa kitenge kina upana wa takriban sentimita 115, yadi 2 hutoa foronya mbili, nazo hazihitaji zipu wala vifungo. Pinda ncha zote mbili sentimita 3, kisha kunja kitambaa kiwe mfuko, na zile sentimita 20 zinazozidi uziingize ndani ziwe kifuniko. Mfuko ukiwa umetazamisha upande mzuri nje, shona pembeni nusu sentimita, punguza nyuzi zilizochomoza, ugeuze ndani nje, ushone tena sentimita moja. Nyuzi zote hufungiwa humo, na mimi naona mshono huu unashinda ovaloki (mshono wa mashine wa kuzuia ncha zisichanike nyuzi) ya haraka haraka ya mtaani. Kama huna cherehani, shona kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma: kila sindano inapotokeza mbele, irudishe iingie pale mshono uliotangulia ulipoishia.

Pazia ni kazi nyepesi, pindo tupu: upana wake uwe mara moja na nusu hadi mbili ya dirisha. Lakini kama dirisha linatazama ziwani, yaani magharibi, jua la alasiri litaichujua rangi, basi weka kitambaa cha marekani (pamba tupu isiyotiwa rangi) nyuma yake.

Kuhusu vishikio, chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini; poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu, na hiyo usiishike karibu na jiko la mkaa. Ndani ya kishikio weka taulo kuukuu la pamba, matabaka mawili au matatu, na kwa unene huo cherehani itataka sindano namba 16.